Hakukuwa na Radi

Jumatatu, 9 Machi

Mwuguzi wa zahanati ameniambia niandike kila siku ili mkono wangu wa kulia usigande. Nikamwambia, mama, mkono huu umefunga marobota ya pamba tangu wewe hujazaliwa, haugandi. Akasema, mbona kikombe kimekuponyoka sasa hivi? Nikanyamaza kwa sababu alikuwa ameshika sindano.

Basi naandika. Shule nilikaa kidogo. Niliondoka nikiwa najua kuandika jina langu na majina ya maadui zangu, na hayo yamenitosha mpaka uzee huu. Kiwandani waliniita Chuma. Hakuna aliyebana robota likakaa kama langu. Ukilipiga teke unaumia wewe.

Nyumba hii ni yangu. Kila tofali nimelipanga mimi. Tangu nilipoanguka mwaka jana mwanangu, ambaye ni fundi friji, amehamia humu na mke wake, eti waniangalie. Waniangalie nini? Mimi si maziwa yaliyo jikoni.

Mke wake kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta. Amechukua chumba changu cha mbele, chenye soketi nzuri na dirisha la barabarani, mahali nilipokuwa nakaa na redio yangu. Mimi nimepelekwa chumba cha nyuma, chenye bati linalovuja. Walisema ni kwa muda. Mkono umechoka.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Ndoo moja chini ya bati.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nimemkuta mkwe anaisonya kompyuta. Nikasimama mlangoni nikamuuliza humo ndani anafanya nini hasa, maana kutwa nasikia vidole tu kama kuku anadonoa bati.

"Nabana mafaili, Baba."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nikamwambia, umekuja kufanyia kazi hiyo kwenye nyumba ya mwenye fani! Nikamweleza mashine yetu ya kiwandani, jinsi pamba inavyopanda juu ya kichwa cha mtu, ninashusha chuma, inakuwa robota la kukalia, nalifunga mikanda, linatoka. Nilimweleza lote. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja basi.

Nilipomaliza akanieleza yake. Kampuni yake ina vyombo vya kupima mvua, upepo na radi, vimewekwa juu ya mapaa kila mahali. Kila chombo kinatuma faili dogo lililobanwa, maana yasipobanwa mtandao unajaa. Yeye anaandika programu ya kuyafungua yale madogo moja moja, kusoma mstari kwa mstari, na kuandika yote ndani ya faili moja kubwa, nalo limebanwa. Yapo ya miaka mingi. Amepewa msimu huu wa mvua kama majaribio. Asipolikabidhi faili zima na programu yake kabla mvua hazijakatika, kazi hana.

"Na ukilifungua, vitu vinatoka vimekunjamana?"

"Havikunjamani. Vinatoka herufi kwa herufi, kama vilivyoingia."

"Uongo. Kitu kilichobanwa hakirudi kilivyokuwa. Nimeona pamba mimi."

"Hii si pamba, Baba."

"Kila kitu ni pamba," nikamwambia, nikaenda zangu.

Mtoto wa juzi ananifundisha kubana.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Chai ilikuwa baridi. Nimesema, wamesema niliichelewa.

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika polepole kwa sababu hasira inanitetemesha mkono.

Alikuja Sindano, rafiki yangu mshona nguo, tukakaa barazani. Mkwe alikuwa ameacha mlango wazi, analalamika kwa simu kwamba faili lake bado ni kubwa, wakubwa wake wanalitaka dogo zaidi. Mimi nikapaza sauti, nikamwambia, libane tena. Robota likikataa kuingia kwenye behewa, unalirudisha kwenye mashine unalibana mara ya pili. Mbona rahisi?

Akatokeza kichwa. "Haifanyi kazi hivyo, Baba."

"Kwa sababu hujajaribu."

Sindano, mchochezi tangu ujana wake, akasema, "Wekeaneni dau basi, tuone."

Tukawekeana. Likitoka dogo zaidi, narudishiwa chumba changu cha mbele siku ileile. Lisipopungua, nafunga mdomo kuhusu mashine yake mpaka mvua ziishe. Sindano akawa shahidi. Tukaingia wote watatu. Akaandika mistari kama mitano hivi, maneno yenyewe ya kigeni, akasema huu unafungua, huu unasoma, huu unaandika, huu unafunga. Akatuonyesha ukubwa wa faili kabla. Akagusa kitufe. Akatuonyesha baada.

Limeongezeka.

Si kwamba halikupungua. Limeongezeka! Kidogo tu, lakini Sindano aliona, na Sindano akishaona jambo, mtaa mzima umeona.

"Mashine yako ni mbovu," nikasema.

"Si mbovu. Kubana huku hakusukumi kitu. Kunaondoa marudio. Chombo kikiandika mvua sifuri, mvua sifuri, mvua sifuri kutwa nzima, programu inaandika mara moja na kuweka alama kwamba imerudiwa mara kadhaa. Ukishayaondoa marudio, mara ya pili hakuna cha kuondoa. Unaongeza tu karatasi ya kufungia." Kisha akanitazama, akatabasamu. "Wewe Baba ungebanika vizuri sana. Hadithi zako zote za kiwandani zingeingia kwenye kiberiti."

Sindano alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaletewa maji. Na aliyemletea maji ni huyohuyo mkwe. Wakawa wanacheka wawili, kwenye chumba changu, juu ya kiti changu.

Jumapili, 22 Machi

Sina la kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Nimekutana na muuza mkaa. Ameniuliza, "Chuma, eti wewe ukibana kitu kinanenepa?"

Sindano sitamsamehe. Lakini Sindano alizaliwa na mdomo ule. Aliyempa la kusema ni nani?

Alhamisi, 2 Aprili

Leo programu yake imeanza safari yenyewe, ndivyo alivyosema. Inavuta mafaili madogo kutoka mbali, moja baada ya jingine, inasoma, inaandika kwenye lile kubwa. Mtandao wetu ni wa kobe, kwa hiyo itakwenda hivyo usiku na mchana zaidi ya wiki. Betri ya kompyuta yake imekufa zamani. Bila waya inazima palepale.

Kwa hiyo amebandika karatasi juu ya soketi: USIZIME. USICHOMOE.

Kwa herufi kubwa, kama anamwandikia mtoto. Soketi niliyoilipia mimi, ukuta nilioujenga mimi. Nikamuuliza mwanangu jioni, hilo tangazo ni la nani? Humu tuko watatu. Yeye ndiye aliyebandika, wewe ni fundi na unajua umeme. Nimebaki nani?

"Baba, usianze," akasema.

Usianze! Mimi ndiye niliyemaliza nyumba hii.

Jumatatu, 6 Aprili

Feni ya kompyuta inalia kutwa. Nimeahidi mdomo wangu utafungwa. Umefungwa. Masikio sikuyaahidi.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeangusha kikombe tena. Mkwe ameokota vipande hakusema neno. Ni bora angesema.

Alhamisi, 9 Aprili

Radi ilipiga mchana. Mkwe alikuwa sokoni. Nyumba ya bati haifanyiwi mchezo na radi, nikachomoa waya ukutani. Ndivyo ilivyo, na ndivyo nilivyosema.

Ijumaa, 10 Aprili

Jana niliandika kifupi. Leo naandika yaliyofuata, maana najua yatapotoshwa.

Alirudi na kapu lake, akasikia kimya. Kapu likaanguka. Hakuuliza nani. Alichomeka waya, akakaa, akawasha, akajaribu kulifungua lile faili kubwa. Kompyuta ikamwambia mwisho wa faili haujapatikana. Akarudia. Ikamwambia vilevile.

"Umechomoa, Baba?"

"Radi ilipiga."

Akaanza kusema peke yake, vidole vinakwenda. Nilisimama mlangoni, kwa hiyo nilisikia. Faili la namna hii likiandikwa linafungwa mwishoni, na pale mwishoni ndipo panapowekwa muhuri wa kusema kila kitu kimo. Lake lilikatwa katikati, halina mwisho. Lakini yaliyotangulia yamo. Anaweza kusoma mstari kwa mstari mpaka pale lilipokatika, akayahamishia kwenye faili jipya, akapoteza mkia tu. "Yamo," akasema, "yamo, yamo." Alikuwa anafuta macho kwa kiganja na kuandika kwa mkono mwingine.

Halafu akaacha kuandika. Mikono ikabaki hewani.

Sikuelewa mpaka aliposema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Ukilifungua faili, unaiambia programu unalifungua kwa kazi gani. Kuna herufi ya kusoma, kuna ya kuandika, kuna ya kuongezea mwishoni. Ukisema kuandika, kilichokuwemo kinafutwa kwanza, hata kama hujaandika kitu. Yeye, kwa hasira na machozi yale, aliweka herufi ya kuandika juu ya jina la faili lile la zamani.

Limefutika lote. Kazi ya wiki nzima, na mafaili aliyokuwa ameshayashusha programu ilikuwa inayatupa kila ikimaliza kuyasoma, ili nafasi isijae.

Hapo ndipo nilipopata pa kushika. Nikamwambia, "Unaona? Uliyefuta ni wewe. Mimi nilichomoa waya, wewe ndiye uliyefuta."

Akageuka na kiti. Macho mekundu, lakini sauti imetulia kabisa.

"Ndiyo. Nimefuta mimi. Kosa langu nimelisema, umelisikia. Sasa sema lako."

"Radi ilipiga."

"Baba, nimetoka sokoni kwa miguu. Hakukuwa na radi."

"Wewe ulikuwa sokoni, mimi nilikuwa hapa."

"Soko liko mtaa wa pili."

Nikatoka. Siwezi kusimama nikihojiwa na mtu aliyekalia kiti changu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mwanangu amerudi kutoka kazini, wameniita chumba cha mbele kama mshtakiwa. Sikupewa kiti. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi.

"Baba, Alhamisi kulikuwa na radi?"

"Ilikuwepo. Ya mbali. Radi ni radi."

Mkwe hakubishana. Alivuta faili dogo la chombo kilichoko juu ya paa la hospitali, ambalo ni paa unaloliona ukisimama kwetu barazani. Akaandika mistari yake, kufungua, kusoma, herufi ya kusoma safari hii, aliitamka kwa nguvu ili niisikie. Akasoma saa za mchana wa Alhamisi, mstari kwa mstari. Mvua sifuri. Radi sifuri. Mvua sifuri. Radi sifuri. Alisoma kama anapiga misumari.

"Chombo kililala," nikasema.

Mwanangu akacheka, lakini si kicheko cha kucheka. "Mzee, mama alikuwa akisema wewe ukianguka kisimani utabishana na maji. Sikiliza. Mvua zikikatika tunahama. Nimechoka kuishi katikati."

"Hameni. Nani kawafunga kamba?"

"Na nani atakuwekea maji ya kuoga? Mkono huo?"

"Mkono huu ulibana marobota..."

"...tangu sijazaliwa," wakamalizia wote wawili, pamoja, bila kutazamana.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua kubwa. Na radi. Leo, si ile siku. Hata mbingu ina kiburi.

Jumatano, 15 Aprili

Sindano alipita. Nikamwambia wewe ni shahidi wangu, Alhamisi iliyopita mchana si radi ilipiga? Akasema, "Alhamisi ipi, ile niliyoanika suruali tatu na gauni la harusi barazani zikakauka kabla sijanywa chai?" Nikamwambia aondoke. Akasema hajamaliza chai. Nikamwambia aondoke na kikombe. Ameondoka na kikombe.

Jumapili, 19 Aprili

Mkwe ameanza upya. Haongei na mimi isipokuwa "chakula kiko mezani" na "dawa yako." Karatasi ya kwenye soketi ameibandua. Hakuweka nyingine. Hilo limeniudhi kuliko ile ya kwanza, ni kama ananiambia, chomoa ukitaka, nimeshakujua.

Nimemsikia akimweleza mume wake kwamba amebadilisha kazi yote. Zamani alilifungua faili kubwa mara moja na kuliacha wazi wiki nzima mpaka mwisho. Kumbe kampuni nzima wanafanya hivyo. Sasa analifungua kwa kuongezea, anaandika mafaili ya siku moja, analifunga, muhuri juu. Anafungua tena, anaongezea siku ya pili, anafunga. Yanakaa moja nyuma ya jingine ndani ya faili lilelile, na anayelisoma halioni pengo, linasomeka kama kitu kimoja. Likikatika, inapotea siku moja tu.

Nilitaka kusema kwamba ndivyo tulivyofunga marobota. Kisha nikakumbuka kwamba mimi sikumwambia hilo. Mimi nilimwambia abane mara mbili.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Ndoo mbili.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimemwagikiwa chai ya moto kifuani kwa sababu ya mkono huu. Mkwe alikimbia na maji kabla sijapiga kelele. Akanipulizia shati kama mtoto. Alipoona sijaungua akarudi chumbani, akafunga mlango. Sikusema asante. Na yeye hakungoja.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo radi ya kweli. Radi yenye haki zake zote. Ilianza kabla ya chakula cha mchana, bati likitetemeka, na mkwe alikuwa amekwenda zahanati kunichukulia dawa. Mwanangu kazini. Mimi peke yangu na kompyuta ile, inanguruma.

Nilisimama mbele ya soketi. Nisipochomoa radi inaweza kuiunguza mashine, na ikiungua nitaambiwa nimeiacha makusudi. Nikichomoa, nitaambiwa nimechomoa tena. Mtu aliyesema uongo juu ya radi hana la kufanya radi ikija. Hilo neno limeniponyoka kwenye kalamu. Limeshaandikwa, liache.

Nilikuwa bado nimesimama hapo na mkono umenyooka, mkwe akaingia, maji yanamtiririka, na pakiti ya dawa zangu ameikumbatia kifuani. Akaniona. Akaona mkono. Na ndipo umeme ukakatika mtaa mzima, wenyewe, kabla sijagusa.

Giza la mvua.

"Sikuchomoa," nikasema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Taa ya barabarani imezimika pia, Baba. Nina macho." Akaweka dawa mezani. "Meza kimoja sasa, kimoja jioni."

Umeme uliporudi alikaa kuliangalia faili lake. Mimi nilivuta ile ndoo ya rangi, nikakaa nyuma yake, hakunifukuza. Akalifungua kwa kusoma. Mistari ikaanza kushuka, miaka na miaka ya mvua za watu, bila kukwama, mpaka siku ya mwisho iliyofungwa. Imepotea sehemu ya siku moja tu, ile iliyokuwa inaandikwa umeme ulipokatika. Aliikata, akairudisha programu kazini kuanzia hapo. Muda wa kuchemsha maji tu.

"Nilikwambia ufunge kila robota kivyake," nikasema.

Akageuka polepole. "Baba. Ulisema nibane mara mbili."

"Ni karibu sawa."

Hakucheka. Ila bega lake moja lilitikisika.

Jumapili, 3 Mei

Mvua zinapungua. Ndoo zimekauka.

Jumatatu, 4 Mei

Amekabidhi. Wakubwa wake wamelifungua, wamelisoma lote, wamempa kazi ya kudumu. Wamesema na wao watabadilisha namna yao. Mwanangu ameleta soda. Tumekunywa. Nilipoomba nyingine, nikaona masanduku ukumbini. Mawili makubwa na moja dogo, yamesimama kama polisi.

"Si amepata kazi? Mnahama nini tena?"

Mwanangu akasema, "Tulisema tunahama kwa sababu ya kazi, Baba?"

Mkwe akamgusa mkono, akaniambia mwenyewe. Sauti ileile aliyosomea msiba wa faili.

"Baba, mimi sijakataa kukaa. Chumba cha mbele nitakurudishia, mimi nahamia huko nyuma, tutaziba bati. Sitaki uniombe radhi. Radhi yako nitaiweka wapi? Nataka useme tu kilichokuwepo siku ile. Maneno matatu. Jumapili tunaondoka, au hatuondoki."

Nikamwambia kwangu hakuna mtu anayenipa siku.

Jumanne, 5 Mei

Jua.

Jumatano, 6 Mei

Jua. Nimejaribu kuyasema peke yangu bafuni. Yanafika kwenye meno yanarudi.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa Sindano kuchukua kikombe changu. Akaniuliza, "Ukibaki peke yako na mkono huo, vifungo vya shati atakufunga nani? Mimi?" Nikamwambia nitavaa fulana. Akasema, "Chuma, unajua kwamba chuma kinachoachwa nje peke yake..." Nikamwambia anipe kikombe.

Jumamosi, 9 Mei

Leo asubuhi nilivaa shati la kutokea. Kifungo cha juu kimenishinda, nikakiacha. Nikaingia chumba cha mbele bila kubisha, maana ni changu.

"Nifundishe kubana," nikamwambia mkwe.

Akanitazama kama nimesema nifundishe kuruka. "Leo?"

"Mwuguzi amesema vidole vifanye kazi." Mwuguzi hakusema hivyo, lakini angesema.

Akaniachia kiti. Kiti changu kimebonyea umbo la mtu mwingine, lakini nilikaa. Akaniandikia kwenye karatasi mistari minne, akanionyesha herufi moja moja kwenye vitufe. Wa kwanza unafungua faili kwa kuandika. "Hakikisha ni jina jipya," akasema, "usije ukafuta la mtu," na hapo akang'ata mdomo. Wa pili unaandika maneno, maneno yenyewe niweke mimi. Wa tatu unafunga. Wa nne ni wa kuuliza ukubwa.

"Geuka," nikamwambia.

"Nigeuke?"

"Tazama dirisha. Siwezi kuandika nikitazamwa."

Akageuka. Kidole changu kimoja kilitafuta herufi moja moja kama mtu anayetafuta mlango gizani. Jasho lilinitoka kuliko mashine ya kiwandani. Mkono ulitetemeka, herufi moja ikajiandika mara tatu, nikafuta, nikarudia. Nilimaliza.

"Tayari. Soma."

Akavuta kompyuta, akalifungua kwenye dirisha jingine la programu yake. Akangoja. Akakunja uso.

"Hamna kitu, Baba."

"Hamna vipi? Nimeandika kwa mkono huu!"

"Mwisho haujapatikana. Hukulifunga. Mstari wa tatu umeuruka. Maneno bado yako njiani, hayajafika kwenye faili."

Nilikaribia kuondoka. Naandika hapa kwamba nilishanyanyuka. Maneno yale nilikuwa nimeshayatoa, na kumbe hayakufika popote, hakuna aliyeyaona, ningeweza kwenda chumbani kwangu na kesho nikawaaga kama mwanamume. Masanduku niliyaona kupitia mlangoni. Na niliona kifungo changu cha shati kinaning'inia.

Nikakaa. Nikaandika mstari wa tatu. Nikafunga.

Akasoma. Alisoma muda mrefu kwa maneno matatu. Kwenye kioo ilikuwa imeandikwa, herufi kwa herufi kama nilivyoiingiza, haikukunjamana:

Hakukuwa na radi.

Mkwe aliandika mstari wa nne, wa ukubwa, pengine apate pa kutazama.

"Limekuwa kubwa kuliko maneno yenyewe," akasema.

"Tena? Mashine yako..."

"Si mbovu, Baba. Maneno ni machache na hayana marudio. Ndiyo mara ya kwanza umeyasema. Hayabaniki."

Akanyoosha mkono, nikadhani anataka kompyuta. Akanifunga kifungo cha juu cha shati, akakivuta sawasawa, akatoka. Nikasikia sanduku dogo likiburutwa ukumbini, na sauti ilikuwa inakwenda kule chumba cha nyuma, si mlango wa nje.

Jioni mwanangu ameniambia, "Nimesikia umemwomba radhi mke wangu."

Sijaomba radhi. Nimetaja hali ya hewa tu.